Mwamba Uliofuliwa

Dobi alikuwa mtu wa kuona doa kabla ya kuona uso. Ukimwendea na msiba wako atakupa pole ya kweli, ya kutoka moyoni, lakini jicho lake litakuwa limeshatua kwenye kola yako, likijiuliza hiyo ni chai au ni mafuta. Harusini alitazama pindo la gauni kwanza, bibi harusi baadaye. Wala haikuwa dharau, ndivyo alivyolelewa. Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Sabuni, alimsimamisha mbele ya beseni kabla hajamaliza kung'oka meno ya utoto, na tangu siku hiyo mikono yake haikukauka sawasawa.

Udobi wao ulikuwa nyumba ya mwisho mtaani, pale njia inapokatika na mawe ya ufukweni yanapoanza. Ndani mlikuwa na mabeseni manne ya saruji, pipa la kuchemshia shuka na meza mbili za kupigia pasi. Juu ya paa, kamba kumi na mbili za kuanikia. Hospitali ilileta shuka zake hapo, nyumba za wageni nazo zilileta, na madaktari walileta makoti yao wenyewe, kwa sababu weupe wa Bi Sabuni ulikuwa hausemeki. Siri yake ilikuwa dawa, ile klorini kali inayokuja kwenye madumu ya buluu. Aliipima mwenyewe kwa kikombe chake mwenyewe, na kwa habari ya dawa, Bi Sabuni hakuwa na mkono wa birika.

Maji yakishafanya kazi yalitoka kwa bomba lililopenya ukuta wa nyuma, yakateremka mpaka kwenye mwamba mpana uliokaa kando ya bahari. Katikati ya mwamba palikuwa na kidimbwi kikubwa kiasi cha chumba, ambacho bahari ilikijaza ikipanda na kukiacha ikishuka. Mawe yote ya ufukwe ule yalikuwa meusi, yenye utelezi na magamba magamba. Mwamba wa Bi Sabuni peke yake ulikuwa mweupe. Kidimbwi chake kilikuwa angavu hata sindano ukiidondosha utaiona imelalia ubavu gani. Hakuna mgeni aliyefika pale akaondoka bila kupelekwa nyuma kuonyeshwa.

"Nguo kila mtu anafua," Bi Sabuni alikuwa akisema, mikono kiunoni. "Mimi hata bahari nimeifua."

Na watu walicheka, lakini walikubali.

Sasa, Dobi aliacha shule katikati, mwaka ambao mama yake alivunjika mkono na kazi ikakosa mtu. Alipofika miaka arobaini na mmoja akajiandikisha darasa la watu wazima, lililokuwa likisomea katika chumba cha shule ya msingi watoto wakishatoka. Mama yake hakumkataza. Alisema tu, "Haya, nenda kakae kwenye vibenchi vya watoto, magoti yako yatakuja kukushitaki." Magoti kweli yalishitaki, lakini Dobi hakukosa hata siku moja.

Mwalimu wa sayansi alikuwa binti mwembamba, mdogo kuliko wanafunzi wake wote. Walimbatiza jina la Mwalimu Tone, kwa kuwa hakuna somo alilolimaliza bila kusema "tone moja tu linatosha". Alikuwa na hadubini moja, kuukuu, yenye kioo kidogo chini cha kukusanyia mwanga wa dirishani, na aliibeba kama mtu anayebeba mtoto wa watu. Siku moja akawaambia wanafunzi wake kila mmoja aje na chupa ya maji ya bahari.

"Mnakaa pwani nyote," alisema. "Kila mmoja aende mahali anapoona bahari ina afya kuliko pengine, achote hapo. Juma lijalo tutaona nani ana jicho."

Nani ana jicho! Dobi nusura acheke kwa sauti. Alirudi nyumbani akiwa na ushindi wake mfukoni tayari. Asubuhi ya siku yenyewe akateremka nyuma ya nyumba, akapiga magoti kwenye mwamba mweupe, akachota.

Chupa zilipangwa kwenye kizingiti cha dirisha. Ya fundi viatu ndiyo iliyochekwa zaidi. Alikuwa amechota maji yake penye majani ya baharini, yakatoka ya kijanijani, yenye ukungu na vitu vinavyoelea.

"Fundi, hayo umechota baharini au umekamua soksi?" mlinzi wa benki aliuliza kutoka nyuma.

"Wewe cheka. Mimi nilichota palipokuwa na samaki wadogo wengi. Nilijiambia, hawa si wajinga."

Chupa ya Dobi ilikuwa ya mwisho kwenye mstari. Jua lilipita ndani yake likatoka upande wa pili bila kugusa kitu, na darasa likapiga makofi. Mwalimu Tone hakupiga makofi, lakini alitabasamu, na Dobi akakaa vizuri kwenye kibenchi chake.

Mwalimu alianza na maji ya fundi viatu. Akadondosha tone moja kwenye kipande cha kioo, akarekebisha, akawaita mmoja mmoja. Dobi alikuwa wa pili. Mwanzoni aliona kope zake mwenyewe. Kisha akaona duara la mwanga, na ndani ya mwanga, ukungu.

"Zungusha hapo pembeni, dada. Polepole."

Akazungusha. Ukungu ukajikusanya, ukawa watu.

Hakuwa na neno jingine. Kulikuwa na vijisanduku vya kioo vilivyochongwa kwa mistari myembamba ambayo hakuna fundi angeweza kuichonga, vingine vya mviringo, vingine vimeshikana mikono vikafanya mnyororo. Kulikuwa na kitu chenye pembe tatu kilichojizungusha chenyewe kama kina pahali pa kwenda. Halafu, kutoka ukingoni, akaingia mnyama. Alikuwa angavu, matumbo yake yanaonekana, ana jicho moja tu jekundu katikati ya uso na mikono mirefu yenye manyoya. Aliruka, akatulia, akaruka tena. Na mkiani alikuwa amebeba vifuko viwili, vimejaa vidonge vya duara vilivyobanana.

"Mwalimu," Dobi alisema bila kuinua kichwa, "huyu hapa amebeba nini?"

Mwalimu aliinama akachungulia upesi, akamrudishia nafasi.

"Mayai. Huyo ni mama."

Dobi hakuondoa jicho. Miaka thelathini na tano mikono yake ilikuwa majini. Alijua maji mazito na mepesi, ya chumvi na ya mvua, alijua kwa kidole ni maji gani yatakubali povu na yapi yatakataa. Na katika miaka yote hiyo hakuwahi kujua kwamba mna mtu ndani. Tone lile lingeweza kukaa kwenye ukucha wake, na ndani yake alikuwamo mama na watoto wake na jicho jekundu, na alikuwa na haraka zake.

Mwalimu alikuwa akieleza nyuma yake, sauti ya chini. Kwamba vile vijisanduku ni mimea, na mimea midogo ya namna hiyo baharini ndiyo inayotoa karibu nusu ya hewa tunayohitaji kupumua duniani. Kwamba mnyama yule hula mimea ile, samaki mchanga humla yeye, na kadhalika mpaka juu, hadi sahani ya mtu. Dobi alivuta pumzi, akaishikilia kidogo kabla ya kuitoa. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuona aibu ya kupumua bila kushukuru.

"Dada, na sisi tumekuja kusoma," mlinzi alikohoa, na mstari mzima nyuma yake ukacheka.

Walipitia chupa zote. Kila tone lilikuwa na wakazi wake, moja wengi, jingine wachache. Zamu ya chupa ya Dobi ilipofika aliomba awe wa kwanza. Kama maji ya soksi yalikuwa na mama mwenye mayai, haya ya kwake, masafi hivi, si yatakuwa na mji mzima? Aliweka jicho.

Palikuwa na duara la mwanga, basi.

Akazungusha. Akafuta kioo kwa ncha ya leso yake. Akaomba tone jingine, na la tatu. Mwanga ulikuwa mweupe, mtupu, kutoka ukingo hadi ukingo. Hapakuwa na jicho wala kijisanduku. Hata maganda yao hayakuwepo.

"Maji haya umeyachota wapi, dada?" Mwalimu Tone aliuliza, kwa upole.

Darasa zima lilikuwa linamtazama. Dobi akasikia sauti yake ikisema, "Huko huko nyumbani," kisha ikasema kichwa kinamuuma, naye akachukua mkoba wake akaenda zake.

Hakuingia ndani. Alizunguka nyuma ya nyumba moja kwa moja, bahari ilikuwa imeshuka, akasimama kwenye mwamba. Na hapo, kwa mara ya kwanza, aliutazama kama anavyotazama shuka ya mteja, kipande kwa kipande. Hatua kumi kushoto kwake mawe yalikuwa meusi, yamejaa konokono na majani, kaa wanakimbizana. Kuja huku, konokono wakapungua. Kisha palikuwa na mstari, umenyooka kama upindo, na baada ya mstari huo hapakuwa na kitu chochote. Alipiga magoti, akatafuta kwa mkono katika kila ufa wa mwamba. Hakupata hata konokono mmoja. Juu ya kichwa chake bomba lilikuwa linadondosha maji, tone baada ya tone, yakinuka ile harufu ambayo kwake siku zote ilikuwa harufu ya usafi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na hawa wawili walikuwa wafuaji wa nguo.

Alilia pale pale. Kisha akaanza kuogopa, kwa maana alijua kilichokuwa kinamngoja. Mwamba ule haukuwa mwamba tu. Mama yake hakusoma, hakujenga ghorofa, hakuacha picha gazetini. Alichokuwa nacho cha kuonyesha watu ni weupe ule. Kumwambia ni kumpokonya. Kunyamaza ni kufungua bomba kesho asubuhi kwa mkono wake mwenyewe, huku anajua.

Siku tatu alinyamaza. Siku tatu alifungua bomba, na kila alipolifungua alimwona yule mama mwenye jicho jekundu. Siku ya nne alikwenda kwa Mwalimu Tone kabla ya darasa, akamweleza yote.

"Hiyo dawa haina ubaya, inafanya kazi iliyonunuliwa kuifanya," mwalimu alisema. "Tatizo haichagui. Doa kwake ni chochote chenye uhai." Akafikiri kidogo. "Lakini ina adui. Jua. Ukiyaweka maji hayo kwenye tangi pana, wazi, jua likayapiga siku kadhaa, dawa inaisha nguvu. Tutapima kwa vikaratasi mpaka tuhakikishe. Na mkipunguza kipimo itakuwa rahisi zaidi."

"Kipimo anakishika mama."

"Basi mwambie mama."

Rahisi kusema, kwa mtu ambaye hakulelewa na Bi Sabuni. Dobi alimkuta mezani, anapiga pasi koti la daktari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona sura kama soksi iliyopotelewa na mwenzake?"

Dobi alisema. Alikusudia kuanza kwa mbali, lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, akasema yote kwa mkupuo, tone na mayai na mstari na bomba. Bi Sabuni aliendelea kupiga pasi mpaka akamaliza mkono wa koti. Kisha akaiweka pasi chini.

"Kwa hiyo mimi ni muuaji."

"Sijasema hivyo, mama."

"Umesema. Umekwenda shule miezi sita, umerudi kuniambia weupe ni uchafu na uchafu ni weupe. Nimekulea kwa maji hayo hayo! Umekula kwa dawa hiyo hiyo!" Aligeuza koti upande wa pili. "Wadudu wasioonekana! Mimi kitu nisichokiona sikiombi radhi."

"Njoo ukione, basi."

"Sitaki."

Juma zima hawakuzungumza ila habari za shuka. Bi Sabuni alikung'uta nguo kwenye kamba kwa nguvu kuliko kawaida, na watu wa mtaani walisikia wakajua pana neno. Dobi alihudhuria darasa lake na kurudi. Lakini siku ya sayansi ilipofika, wanafunzi wamekwisha kukaa, mlango ulifunguka akaingia Bi Sabuni amevaa gauni lake jeupe la sherehe, limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Darasa zima likainuka, hata mlinzi.

"Nimeambiwa kuna mama mwenzangu hapa," alisema, bila kumtazama mtu. "Nimekuja kumwamkia."

Mwalimu Tone aliivuta hadubini karibu na dirisha. Alichukua maji mapya ya fundi viatu, akadondosha tone, akatafuta muda mrefu, akasogeza kiti. Bi Sabuni akaketi, akaweka jicho.

"Naona unyoya."

"Ni kope zako, mama. Sogea kidogo. Zungusha hapo."

Dobi aliutazama mgongo wa mama yake. Aliuona ukikaza, kisha polepole, kuanzia mabegani, ukilegea.

"Ee Mungu wangu," Bi Sabuni alisema kwa sauti ya mtoto. "Ee Mungu wangu. Amebeba. Kote kuwili amebeba." Akacheka peke yake. "Tazama anavyoruka na tumbo lote hilo! Tulia mwanamke, utajiumiza."

Alikaa pale mpaka mwanga wa dirishani ulipohama na mwalimu akalazimika kuigeuza hadubini. Hakuna aliyekohoa. Kisha akasema, "Sasa nipeni ya kwangu."

Wakamwekea. Alitazama kwa muda ule ule, kana kwamba ni haki yake kupewa muda sawa. Alizungusha mbele, akazungusha nyuma.

"Ni meupe," alisema mwishowe. "Ni meupe mno."

Aliinua uso. Jicho lake la kulia lilikuwa na alama ya duara ya hadubini.

"Siku nilipohamia hapa," alisema, akimwambia Dobi peke yake ingawa wote walisikia, "mwamba ule ulikuwa mweusi. Umejaa konokono na majani, utelezi mtupu. Siku ya pili tu nikaanguka na beseni zima la makoti. Niliona uchafu. Nikafurahi mwaka hadi mwaka unavyotakata." Alikunja mikono yake mapajani. "Mwanangu, mimi nilidhani nafua."

Dobi alimshika bega. Hakuna methali iliyofaa hapo, na kwa bahati hakuna aliyeitafuta.

Kesho yake Bi Sabuni aliziba bomba mwenyewe, kwa saruji, na alimfukuza fundi aliyetaka kumsaidia. Walijenga tangi pana lisilo na mfuniko, wakayaacha maji juani, na Mwalimu Tone alikuja na vikaratasi vyake kila juma mpaka vikaacha kubadilika rangi. Kikombe cha dawa kikapunguzwa, kikapunguzwa tena. Shuka zikawa zinalowekwa muda mrefu na kuanikwa juani zikiwa bado na povu. Zilitoka nyeupe, lakini nyeupe ya maziwa, si ile ya kuumiza macho, na msimamizi wa nyumba moja ya wageni akaja kulalamika.

"Wageni wako wanakuja kulala au kusoma shuka?" Bi Sabuni alimuuliza. Wakampoteza huyo. Wengine walibaki.

Madobi wengine wa ufukweni walisema Bi Sabuni amezeeka. Dobi hakubishana nao. Aliwaalika darasani mmoja mmoja akawaambia waweke jicho. Wawili walirudi makwao wakajenga tangi, wa tatu bado anafikiria.

Mwamba wenyewe ulikaa kimya. Mwezi wa kwanza hapakutokea kitu, wa pili hali kadhalika. Bi Sabuni aliteremka kila bahari iliposhuka, akasimama, akapanda bila kusema. Hakuna mgeni tena aliyepelekwa kule nyuma. Kufikia mwezi wa nne Dobi alianza kuhofu kwamba kuna madoa ya kinyume, ambayo yakishatoka hayarudi.

Mwezi wa sita, asubuhi moja, Dobi alikuwa anaanika juu ya paa aliposikia anaitwa. Hakusikia jina lake. Ilikuwa ni sauti tu. Alishuka mbio, akijua kabisa kwamba mama ameanguka tena kwenye mawe.

Bi Sabuni alikuwa amepiga magoti ukingoni mwa mwamba, pale mawe meusi yanapoanza. Mkononi alikuwa na burashi ya kusugulia, kwa sababu hakuwahi kwenda popote bila burashi, na mkono wenye burashi ulikuwa umesimama hewani. Mbele yake, kwenye ufa wa mwamba mweupe, palikuwa na alama ya kijani, kubwa kiasi cha kitufe cha shati. Pembeni yake alikuwepo konokono, mdogo kuliko punje ya mchele, anakula.

"Mkono ulikuja wenyewe," Bi Sabuni alinong'ona. "Nilitaka kulisugua. Niliona doa, mkono ukaja wenyewe."

"Lakini hukusugua, mama."

"Sikusugua."

Aliiweka burashi chini, mbali, akaisukuma mbali zaidi. Kisha akainama mpaka pua yake ikakaribia jiwe, asimkose konokono hata hatua moja, na Dobi naye akapiga magoti karibu yake. Bahari ilianza kupanda ikawalowesha miguu, na hakuna aliyenyanyuka. Mama alipojisogeza atazame vizuri zaidi, goti lake likateleza kwenye jiwe la jirani lenye majani, na pindo la gauni lake jeupe likabeba doa refu la kijani.

Dobi aliliona, bila shaka. Akanyamaza, akaendelea kumtazama konokono.